Kimondo Kikali: Kwa Nini Huonekana Kuangukia Nyuma ya Kilima

Matamba, katika Wilaya ya Makete mkoani Njombe, imekaa kwenye ukingo wa kaskazini wa nyanda za juu, mahali ambapo milima inainuka ghafla kutoka katika tambarare ya Usangu. Msafiri atokaye Chimala hupanda kwa barabara yenye kona hamsini na saba, na afikapo juu huwa ameliacha nyuma yake joto la bondeni pamoja na vumbi lake. Katika miezi ya kipupwe, tangu Juni hadi Agosti, hewa ya huko ni baridi na kavu, taa ni chache, na anga la usiku huwa jeusi kiasi cha kuonyesha nyota ambazo mkazi wa Dar es Salaam amekwisha kuzisahau. Kwa mwalimu wa fizikia hiyo ni maabara kubwa isiyohitaji bajeti.

Katika usiku wa namna hiyo hutokea, mara moja moja, jambo linalowasimamisha watu njiani. Nuru ya ghafla hutanda juu ya migomba na mapaa ya mabati, vivuli vya miti huonekana vikikimbia ardhini, na mtu ainuapo macho huona donge la moto likikata anga, nyuma yake likiburuta mkia wa rangi ya kijani au ya machungwa. Pengine hupasuka vipande viwili au vitatu. Baada ya sekunde nne au tano giza hurudi, na mbwa hubaki wakibweka.

Kesho yake hadithi husikika sokoni na shuleni. Mtu wa Matamba husema kwamba moto ule umeangukia nyuma ya kilima kile pale, upande wa Kitulo. Mtu wa Makambako huapa kwamba umeangukia ng'ambo ya reli. Mtu wa Njombe naye ameuona ukizama katika mashamba ya chai, tena karibu kabisa. Wote ni wakweli, na wote wamekosea kwa sababu moja ile ile. Makala haya yanakusudia kueleza sababu hiyo, na kuonyesha kwamba ndani ya maelezo hayo yanayopingana mna habari ambazo mwanasayansi hawezi kuzipata kwa njia nyingine, ilimradi zimeandikwa vizuri na mapema.

Moto usiowashwa na kiberiti

Kiswahili kina neno moja, kimondo, kwa mambo mawili ambayo elimu ya nyota huyatenganisha: nuru inayoonekana angani, na jiwe linalofika ardhini. Katika makala haya nuru itaitwa kimondo, na kile kinachookotwa kitaitwa jiwe la kimondo. Wazee wa pwani wamesimulia tangu zamani kwamba kimondo ni kijinga cha moto anachotupiwa shetani anayedukiza habari za mbinguni. Na msimulizi wa kwanza wa habari hiyo alikuwa ametazama vizuri, maana umbo la kijinga kilichotupwa ndilo hasa linaloonekana.

Vimondo vya kawaida, vile vinavyopita kama mkwaruzo mwembamba wa nuru, husababishwa na vijiwe vidogo kama punje ya mchanga. Kimondo kikali ni kile kinachong'aa kuliko Zuhura, sayari ing'aayo kupita nyota zote alfajiri au jioni. Chanzo chake huwa kikubwa zaidi: jiwe la ukubwa wa kokoto, au ngumi, au mara chache sana la ukubwa wa nyumba.

Jiwe hilo huingia katika angahewa kwa mwendo usiopungua kilomita 11 na usiozidi kilomita 72 kwa sekunde. Ili kuona maana ya tarakimu hizo, tuchukue jiwe la kilo moja tu linalokwenda kilomita 20 kwa sekunde. Kwa kanuni wanayoijua wanafunzi, yaani nusu ya tungamo mara mraba wa mwendo, nishati yake ni jouli milioni 200. Hiyo ni sawa na nishati inayotoka katika kilo 48 hivi za baruti ya TNT. Kwa maneno mengine, kila kilo ya jiwe la angani imebeba nishati karibu mara hamsini ya ile iliyomo katika kilo ya baruti, bila kuwa na kemikali yoyote ya kulipuka ndani yake. Nishati yote imo katika mwendo.

Vitabu vingi vya shule husema kwamba jiwe huwaka kwa sababu ya msuguano wa hewa. Usemi huo haufai kuendelea kufundishwa hivyo. Kazi kubwa hufanywa na mgandamizo. Jiwe linakwenda kasi mno hata hewa iliyo mbele yake haipati nafasi ya kujitenga pembeni. Husukumwa na kubanwa, na hewa ikibanwa ghafla hupata joto, kama ajuavyo kila kijana aliyewahi kushika mdomo wa pampu ya baiskeli wakati wa kujaza upepo. Hewa iliyobanwa mbele ya kimondo hufikia maelfu ya nyuzi za joto. Joto hilo huliyeyusha jiwe kwa nje, tabaka baada ya tabaka, na ule uji wa mawe hupeperushwa nyuma ukawa mvuke. Nuru tunayoiona hutoka katika mvuke huo na katika hewa yenyewe. Rangi nazo zina habari zake: sodiamu hutoa manjano, magnesi hutoa buluu iliyoingiliana na kijani, na gesi za angahewa huongeza wekundu.

Kimondo huanza kuonekana kikiwa juu sana, aghalabu kati ya kilomita 70 na 100 kutoka ardhini. Ndege za abiria hupita kilomita 10 au 12 tu. Kadiri jiwe linavyoshuka ndivyo hewa inavyozidi kuwa nzito na kanieneo linavyozidi kulielemea, hata mwisho jiwe hupasuka. Kama kuna kipande kilichosalia, nacho hupunguziwa mwendo upesi mno, na likifika kimo cha kilomita 20 au 30 hivi nuru huzimika. Kutoka hapo jiwe ni jiwe tu. Huanguka gizani kwa dakika kadhaa, likichukuliwa na upepo huku na huku, na hugonga ardhi kwa mwendo wa kilomita mia mbili au tatu kwa saa.

Jambo hili linahitaji kusisitizwa, kwa kuwa ndilo lenye kupotosha watu wengi. Kimondo chenye kudondosha jiwe hakifiki chini kikiwaka. Mtu anayesema ameuona moto ukigusa ardhi shambani mwake ameona kitu kingine, au ameona kimondo kilicho mbali sana. Wala jiwe lenyewe halichomi nyasi. Limetoka katika baridi kali ya anga za juu, joto lake la sekunde chache limeondoka pamoja na uji uliopeperushwa, na lililobaki ni ganda jeusi lenye unene usiofika milimita moja. Anayeliokota mapema hukuta ni vuguvugu au hata la baridi.

Kilima kinadanganyaje?

Jicho la mwanadamu halina kipimo cha umbali kwa kitu kisichojulikana ukubwa wake, hasa usiku. Mtu akiona taa ya baiskeli hujua iko karibu kwa sababu anaijua baiskeli. Hakuna anayekijua kimondo. Basi akili huchukua kitu cha karibu kinachojulikana, yaani kilima, msitu au paa la shule, na kukipa kimondo umbali wa kitu hicho.

Dunia kwa kuwa ni mviringo, kimondo kilicho kwenye kimo cha kilomita 80 huweza kuonekana na mtu aliye mbali nacho kwa kilomita 1,000. Duara la namna hiyo, kitovu chake kikiwa Matamba, linaimeza Dar es Salaam, linaimeza Mwanza, na linafika mbali ndani ya Zambia na Kongo. Tuseme kimondo kimewaka juu ya Tabora, yapata kilomita 450 kutoka Matamba. Kikiwa kwenye kimo cha kilomita 80, mtu wa Matamba atakiona nyuzi 8 hivi juu ya upeo wa macho. Kikishuka hadi kilomita 30, atakiona nyuzi 2 tu, na kwa kuwa nchi yenyewe ni ya milima, hapo kitakuwa kimekwisha kujificha. Mbele ya macho yake kimondo kimezama nyuma ya kilima kilicho mwendo wa nusu saa kwa miguu. Kijana mwenye bidii akienda huko asubuhi na jembe, atarudi mikono mitupu, na pengine ataambiwa kwamba alikuwa akiota.

Lakini kijana huyo hakuota. Umbali ndio aliokosea, mwelekeo hakuukosea. Alijua kimondo kilikuwa upande gani na kilikuwa juu kiasi gani kwa kulinganisha na kilima. Mambo hayo mawili, yakipatikana kutoka sehemu mbili zilizo mbali mbali, yanatosha kukipata kimondo mahali kilipokuwa.

Wanafunzi waliokwisha kufundishwa tanjenti wanaweza kulijaribu jambo hili ubaoni. Tuchukulie, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba Matamba na Makambako zimeachana kilomita 90 kwa mstari ulionyooka. Mwanafunzi wa Matamba ameona kimondo kikitokea upande wa mashariki, nyuzi 60 juu ya upeo wa macho, na kuzimika upande ule ule kwenye nyuzi 30. Mwanafunzi wa Makambako ameona vivyo hivyo, ila kwa upande wa magharibi. Kwa kuwa pembe ni sawa, kimondo kilikuwa juu ya katikati ya mstari, kilomita 45 kutoka kwa kila mmoja. Kimo cha mwanzo ni 45 mara tanjenti ya nyuzi 60, yaani kilomita 78. Kimo cha mwisho ni 45 mara tanjenti ya nyuzi 30, yaani kilomita 26. Kimeshuka kilomita 52. Ikiwa wote wawili walihesabu sekunde tatu, mwendo wa wastani ulikuwa kilomita 17 kwa sekunde.

Tarakimu hiyo ya mwisho inasema mengi. Kitu kinachoizunguka dunia karibu, kama setilaiti au kipande cha roketi, huenda kilomita 8 hivi kwa sekunde. Kilichokwenda 17 hakikuwa chombo cha binadamu. Kimetoka katika anga kati ya sayari, na tayari wanafunzi wawili wenye kipimapembe wamekwisha kulithibitisha hilo. Ni kweli kwamba vimondo havishuki wima namna hii isipokuwa kwa nadra, na hesabu ya kimondo kilichopita kwa mshazari ni ndefu zaidi, lakini msingi wake ni huu huu. Makosa madogo nayo yanavumilika: mwanafunzi wa Matamba akisoma nyuzi 65 badala ya 60, kimo cha mwanzo kitatoka kilomita 86 badala ya 78, jambo ambalo bado linafaa. Mashahidi wakiwa kumi badala ya wawili, makosa yao hupunguzana.

Kwa njia hiyo hiyo, ila kwa kutumia kamera badala ya macho, kimondo kilichopita juu ya Příbram nchini Chekoslovakia tarehe 7 Aprili 1959 kilipigwa picha kutoka zaidi ya mahali pamoja, mawe yake yakaokotwa, na kwa mara ya kwanza wanasayansi wakaweza kuchora njia ya jiwe waliloshika mkononi hadi katika ukanda wa asteroidi, kati ya Mirihi na Mushtarii. Siku hizi Australia na nchi nyingi za Ulaya zina mitandao ya kamera zinazotazama anga usiku kucha. Kwa nyanda za juu za kusini, kamera kubwa ni watu wenyewe.

Sauti nayo ni kipimo. Ikiwa jiwe lilikuwa kubwa na likashuka sana, mngurumo kama wa radi au wa mizinga husikika baada ya nuru kuzimika. Katika hewa ya juu yenye baridi sauti hutembea karibu mita 300 kwa sekunde, basi idadi ya sekunde zilizopita tangu nuru hadi mshindo, ikizidishwa kwa 0.3, hutoa umbali kwa kilomita. Dakika mbili ni kilomita 36. Mshindo wenyewe ni dalili muhimu kuliko ung'avu, kwa sababu kimondo kilichonguruma kina uwezekano mkubwa wa kuwa kimeacha mawe. Kuna pia watu wanaosema walisikia mchakacho au mlio kama wa mafuta yakikaangwa wakati ule ule wa nuru, jambo ambalo sauti ya kawaida haiwezi kulifanya. Zamani walichekwa. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walipendekeza kwamba nuru yenye kupepesa kwa kasi huweza kupasha joto majani makavu, nguo au nywele zilizo karibu na msikilizaji, zikatoa mlio hafifu. Maelezo hayo yanaendelea kupimwa, lakini shahidi wa namna hiyo asiambiwe tena kwamba amesema uongo.

Majirani watatu wa Matamba

Mwanafunzi wa Matamba ana bahati ya kuishi katikati ya mawe ya vimondo yenye sifa. Kiasi cha kilomita 100 upande wa magharibi, katika Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe, lipo pande la chuma la Ndolezi lenye urefu wa mita 3 hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16, mojawapo ya mapande makubwa ya namna hiyo duniani. Wanasayansi walilifahamu mwaka 1930 kwa njia ya mpima ardhi aliyeitwa W. H. Nott. Asilimia 90 hivi ya pande hilo ni chuma, na karibu asilimia 9 ni nikeli. Hakuna masimulizi ya wenyeji yanayokumbuka kuanguka kwake, na kwa hiyo inadhaniwa kwamba liko pale kwa maelfu ya miaka. Katika orodha za kimataifa jina lake huandikwa Mbosi, na halijawekwa katika kundi lolote la vyuma vya angani kwa kuwa kemia yake hailingani na ya mengine.

Upande wa kusini-mashariki, kiasi cha kilomita 250, jiwe la gramu 165 lilianguka Peramiho karibu na Songea tarehe 24 Oktoba 1899. Hilo ni la jamii ya mawe yaliyopoa kutoka katika lava, ambayo wanasayansi wanayahusisha na asteroidi kubwa iitwayo Vesta.

La tatu ndilo linalostahili kukaliwa kitako. Tarehe 16 Desemba 1938, huko Ivuna, kusini-mashariki mwa Ziwa Rukwa, yalianguka mawe meusi na laini. Yote yaliyopatikana hayakufika hata kilo moja: ni gramu 705 hivi. Kwa mtu aliyezoea kusikia habari za tani 16 za Mbozi, hilo ni jambo la kupuuza. Kumbe ni kinyume chake. Mawe ya Ivuna yana kaboni, yana maji yaliyofungwa ndani ya madini ya mfinyanzi, yana chembe za kikaboni pamoja na asidi za amino. Na ukiziondoa gesi nyepesi, uwiano wa elementi zake unalingana na ule wa Jua. Ni mabaki ya mali ghafi ambayo sayari ziliumbwa nayo, miaka bilioni 4.5 iliyopita, yasiyowahi kuyeyushwa. Mawe ya jamii hiyo ni machache mno duniani, na jamii nzima inaitwa kwa jina la kijiji hicho cha Tanzania: katika alama ya CI, herufi C ni ya kaboni, na I ni ya Ivuna. Chombo cha Japani, Hayabusa2, kilipoleta gramu 5.4 za udongo wa asteroidi Ryugu mwezi Desemba 2020, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba udongo ule ni wa jamii ya Ivuna. Taifa moja lilisafiri miaka sita kwenda na kurudi kufuata kitu ambacho kiliwahi kuja chenyewe hadi Rukwa.

Hapa ndipo thamani ya shahidi inapoonekana. Chuma cha Mbozi kiliweza kusubiri maelfu ya miaka bila kutazamwa. Jiwe la Ivuna lisingeweza. Ni jepesi, hukwaruzika kwa kucha, na mawe ya jamii yake yakiloweshwa hufumuka yakawa tope jeusi. Desemba ni mwezi wa mvua katika bonde lile. Kama mawe yale yangeanguka bila kuonwa, au kama walioona wangeogopa kusema, mvua za msimu mmoja zingetosha kuyarudisha kuwa udongo kama udongo mwingine wote, na jina la Ivuna lisingekuwa katika kitabu chochote cha sayansi. Hakuna ajuaye ni mangapi ya namna hiyo yameyeyuka katika mashamba ya viazi ya Makete.

Mfano wa kazi iliyofanywa vizuri uko Uganda. Tarehe 14 Agosti 1992, yapata saa tisa na dakika arobaini alasiri, kimondo kilipasuka karibu na Mbale kwa mshindo mkubwa, na mawe yakanyesha juu ya eneo la kilomita 3 kwa 7. Kipande cha gramu 3.6 kiligonga majani ya mgomba kikamwangukia mvulana kichwani bila kumdhuru. Kikubwa kuliko vyote kilikuwa na uzito wa kilo 27.4. Watafiti kutoka Uholanzi walishirikiana na wanajiolojia wa Makerere, wakawahoji watu nyumba kwa nyumba, na kuandika mahali ambapo kila jiwe liligonga. Kutokana na majibu ya wakulima na watoto wa shule iliwezekana kueleza jinsi jiwe lilivyovunjika na upepo ulivyovitawanya vipande vyake. Kenya nayo ilipata mawe ya Thika tarehe 16 Julai 2011, ambayo yaliokotwa kwa kuwa watu waliusikia mshindo na wakatoka nje kutazama.

Kuandika kabla ya kusimulia

Shahidi mwema husimama pale pale alipokuwa. Huweka jiwe au kijiti mahali pa miguu yake, na kukumbuka kimondo kilianzia wapi na kuishia wapi kwa kulinganisha na nguzo, ncha ya mti au pembe ya paa. Asubuhi hurudi hapo hapo na dira. Kwa urefu wa pembe, ngumi iliyokunjwa mbele ya mkono ulionyooshwa ni nyuzi 10 hivi, na shubiri iliyotanuliwa ni nyuzi 20 hivi. Vipimo hivyo humfaa mtoto kama vinavyomfaa mtu mzima, kwa kuwa mwenye mkono mfupi ana kiganja kidogo. Kisha huandika muda uliopita, rangi, kama kilipasuka, na sekunde hadi mshindo, kama ulisikika.

Saa iandikwe kwa uangalifu wa pekee. Shahidi anayeandika "saa 2" tu amewaachia wengine kazi ya kukisia kama ni saa mbili usiku ya Kiswahili au saa nane ya usiku wa manane, na barua nyingi zenye manufaa huharibika hapo. Iandikwe "saa mbili na robo usiku, yaani 20.15".

Lililo muhimu kupita hayo ni kila mmoja kuandika peke yake kabla ya kuzungumza na wenzake. Katika bweni la wanafunzi mia, ikifika saa ya chai kutakuwa na hadithi moja tu, ile ya mwenye sauti kubwa. Mwalimu akigawa karatasi alfajiri, atapata hadithi mia. Zitapingana, na kwa kupingana huko zitakuwa na faida. Karatasi hizo hufaa kupelekwa katika idara ya fizikia au jiolojia ya chuo kikuu kilicho karibu, na pia kwa Shirika la Kimataifa la Vimondo, ambalo hupokea taarifa za mashahidi kutoka nchi zote.

Kuna tahadhari moja ya usalama. Tarehe 15 Februari 2013 jiwe la upana wa mita 20 hivi lilipasuka juu ya Chelyabinsk nchini Urusi. Watu walikimbilia madirishani kuutazama mkia wa moshi. Baada ya zaidi ya dakika mbili mgandamizo wa hewa ukafika, vioo vikavunjika, na watu wapatao 1,500 wakajeruhiwa. Anayeona nuru kali kupita kiasi akae mbali na vioo kwa dakika kadhaa.

Si kila moto wa angani ni kimondo, wala si kila jiwe zito limetoka juu. Chombo cha angani kinachorudi huenda polepole, huchukua nusu dakika au zaidi kuvuka anga, na humegeka vipande vingi vinavyofuatana. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma ya kilo 500 hivi, iliyotoka katika roketi, ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Makueni, nchini Kenya. Na kwa upande wa mawe, wakazi wa Njombe wana mtego wao wenyewe. Mwamba wa Liganga katika Wilaya ya Ludewa ni mweusi, ni mzito, na hunaswa na sumaku, sifa tatu ambazo kila mtu huambiwa ni za kimondo. Kadhalika mavi ya chuma yaliyoachwa na wahunzi wa zamani, ambao tanuru zao zilienea tangu Ufipa hadi Upangwa, yana povu na ganda jeusi linalodanganya. Jiwe la kimondo kwa kawaida halina matundu ya povu. Ganda lake ni jembamba kama rangi iliyopakwa, na likimeguka pembeni huonyesha ndani yenye rangi nyingine, mara nyingi kijivu yenye vimetameta vya chuma. Kipimo cha kukata shauri ni nikeli, na hicho hufanywa maabara, kwa mfano katika Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iliyoko Dodoma. Anayedhani amepata jiwe la kweli asilioshe, asilipige nyundo, alifunge katika mfuko safi na mkavu, na aandike mahali alipolikuta.

Kwa wanaotaka kutazama kwa makusudi, majira mawili yanafaa zaidi katika nyanda hizo. Mwishoni mwa Julai, hasa tarehe 30 na 31, hupita vimondo vinavyoonekana kutoka katika kundi la nyota la Jadi; ni vichache, lakini huenda polepole na baadhi yake hung'aa sana, na kwa Matamba kundi hilo huwa karibu na utosi usiku wa manane. Tangu mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Novemba, kabla mvua hazijashika, hufuata vile vya kundi la Thauri, vinavyotokana na vumbi la nyota-mkia Encke, navyo vinajulikana kwa kutoa vimondo vikali. Mtazamaji achague usiku ambao mwezi haupo, akae gizani dakika ishirini ili macho yazoee, na avae koti zito, maana baridi ya Makete baada ya saa nne usiku imekwisha kuwarudisha ndani wanafunzi wengi waliotoka na shati la shule.